Simu zilizolala kwenye droo na watoto wanaohitaji kusikia

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha watu 14. Tunachangisha pesa za kuwanunulia vifaa vya usikivu watoto ambao wazazi wao hawamudu gharama. Siku hizi michango imepungua, watu wamechoka kuombwa. Mwenzetu mmoja amesema simu mbovu zina dhahabu, na kwamba tukizikusanya kwa wingi tutapata pesa bila kumsumbua mtu. Je, ni kweli? Tuanzie wapi na tujihadhari na nini? Wapo pia wanaosema zile nzima tusiziuze, tuwagawie wazazi wa watoto hao. Wewe unaonaje?

JIBU: Dada Mwenyekiti, nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa sababu vikundi vingi huanza kazi hii kwa moyo mkunjufu kisha vikaumia mahali ambapo neno moja la mapema lingeviokoa. Pesa ipo. Ila haipo pale alipoielekeza mwenzenu.

Dhahabu imo kweli ndani ya simu. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliwahi kukadiria kwamba simu milioni moja zikirejelezwa hutoa takribani tani 16 za shaba, kilo 350 za madini ya fedha, kilo 34 za dhahabu na kilo 15 za paladi, madini mengine ya thamani. Takwimu hizo zikisomwa harakaharaka, mtu huona utajiri. Sasa zigawanye. Simu moja ina miligramu 34 za dhahabu. Mkifanikiwa kukusanya simu elfu moja, na kwa watu 14 hiyo ni kazi ya miezi, dhahabu yote iliyomo ni gramu 34, haifikii uzito wa yai la kuku. Na hata hizo gramu 34 hamtazishika mkononi, kwa sababu kuzitoa kunahitaji matanuru makubwa kama la kampuni ya Umicore lililoko Hoboken, Ubelgiji, au la kampuni ya Boliden huko Rönnskär, Sweden. Humo bodi za simu, yaani vibao vya ndani vinavyobeba saketi, huyeyushwa kwa wingi, kisha madini hutenganishwa hatua kwa hatua. Mwenye tanuru hukata gharama zake, msafirishaji hukata zake, na aliyekusanya mizigo midogo midogo hadi ikafika tani naye hukata zake. Kinachomrudia mwenye sanduku ni kidogo.

Kwa nini basi viwanda vinazigombania simu? Kwa sababu tani moja ya simu zilizotolewa betri, yaani karibu simu elfu tisa, ina dhahabu ipatayo gramu 300, ilhali mawe ya machimbo mengi ya dhahabu yana gramu chache tu kwa tani. Wao wanahesabu kwa tani. Ninyi mtahesabu kwa sanduku, na hesabu ya sanduku ina kanuni zake.

Kabla sijaziingia kanuni hizo, nakuomba jambo moja kwa msisitizo. Asitokee mwanakikundi akashawishika na video za mtandaoni zinazofundisha kuosha bodi kwa asidi au kuchoma nyaya ili kupata madini nyumbani. Katika mji wa Guiyu, China, ambako kwa miaka mingi familia zilichambua taka za kielektroniki kwa njia hizo, watafiti walipima damu za watoto wakakuta kiwango cha risasi kilicho juu kuliko cha watoto wa mji jirani. Nasema risasi kwa maana ya madini. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na imehusishwa pia na kupungua kwa usikivu. Kikundi kinachowatafutia watoto masikio hakiwezi kuipata pesa yake kwa njia inayoziba masikio ya watoto wengine.

Pesa yenu imo kwenye simu inayowaka. Simu janja ya miaka miwili au mitatu, skrini nzima, betri inayokaa na chaji, itauzwa kwa mtu atakayeitumia tena, na bei yake ni mara nyingi sana ya thamani ya madini yaliyomo. Inayofuata ni simu iliyokufa lakini ina kioo kizuri, kamera nzuri au bodi inayotengenezeka. Hiyo mafundi wanaitaka kwa ajili ya spea. Mwisho kabisa ni simu ya batani ya miaka ishirini iliyopita na ile iliyozama majini ikaoza. Hizo ni chakavu, huuzwa kwa kilo, na nyingine hazitauzika kabisa. Katika kila mzigo niliowahi kusaidia kuuchambua, simu chache za juu ndizo zilizobeba karibu mapato yote. Hizo za chini zikusanyeni pia, kwa kuwa zikiachwa huishia jalalani, lakini zichukulieni kuwa ni kazi ya usafi wa mazingira. Msizipangie bajeti ya mtoto hata mmoja.

Ukilikubali hilo, mengi yanabadilika. Tangazo lenu lisiseme "tuletee simu mbovu." Mkisema hivyo mtaletewa mbovu. Semeni: "Umenunua simu mpya? Ile ya zamani bado inawaka?" Jukwaa la WEEE, muungano wa mashirika yanayokusanya taka za umeme na kielektroniki, lilikadiria kwamba mwaka 2022 simu bilioni 5.3 zingeacha kutumika. Lilipouliza watu wa Ulaya kwa nini wanaweka ndani vifaa wasivyovitumia, sababu iliyoongoza ni kwamba huenda watavihitaji tena. Kwa hiyo mtu hana uchoyo; anajiwekea akiba ya tahadhari, na akiba hiyo inaoza. Mwambieni ukweli huo kwa upole. Simu iliyo kwenye droo hupoteza thamani kila mtindo mpya unapotoka, na hupoteza zaidi kiwanda kinapoacha kuiletea masasisho ya programu. Mtandao wenyewe nao huhama. Mwaka 2022 kampuni kubwa za simu za Marekani zilikamilisha kuzima 3G, yaani mtandao wa kizazi cha tatu, na simu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri jana yake zikashindwa kupiga.

Kanuni hiyo inawahusu na ninyi wenyewe. Nilialikwa wakati mmoja kukagua simu za kikundi kilichokuwa kimekusanya kwa miezi tisa bila kuuza hata moja, kikisubiri mzigo uwe mkubwa ili bei iwe nzuri. Masanduku yalikuwa stoo, chini ya paa la bati. Betri kadhaa zilikuwa zimevimba hadi zikabinua vioo, na simu zilizokuwa nzuri siku ya kupokelewa zilikuwa zimeshuka bei. Waliniangalia usoni wakisubiri niwape habari njema, nami sikuwa nayo. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Uzeni kila mwezi, hata kama mzigo ni wa simu ishirini.

Kuna mambo mawili yanayoigeuza simu nzuri kuwa chakavu ndani ya dakika moja. La kwanza ni kufuli la akaunti. Tangu mwaka 2013 simu za iPhone zina ulinzi unaoifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe, na simu za Android zilifuata mwaka 2015. Mtu akiirudisha simu katika hali ya kiwandani, yaani akiifuta yote iwe kama mpya, bila kwanza kutoka kwenye akaunti yake, simu ikiwashwa upya inaweza kudai nenosiri lake. Ikifungwa hivyo, mnunuzi hawezi kuitumia, nanyi hamwezi kuiuza ila kwa bei ya vipande. Wakati wa kulimaliza hili ni pale mtoaji anapoikabidhi simu, akiwa bado amesimama mbele yenu. Akishaondoka, kumtafuta ili akumbuke nenosiri la miaka minne iliyopita ni kazi ngumu kuliko kupata simu nyingine. Kwa sababu hiyo sipendi sana masanduku yanayoachwa mahali bila mtu. Meza moja yenye vijana wawili wanaojua simu, kwa muda wa saa tatu Jumamosi moja, itawaletea mapato kuliko masanduku kumi yaliyofungwa ukutani.

La pili ni wizi. Kila simu ina namba ya IMEI, yaani namba yake ya utambulisho, yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# nayo itatokea kwenye skrini. Simu iliyoripotiwa kuibwa huingizwa kwenye orodha ya kuzuiwa, na mnunuzi makini huangalia orodha hiyo kabla ya kulipa. Andikeni IMEI ya kila simu na jina la aliyeitoa. Mtu mwema hatakataa. Anayekataa kuandikwa, mshukuruni na mumrudishie simu yake.

Sasa nije kwenye taarifa za watu, na hapa sitafanya haraka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichunguza simu 21 za Android zilizokwishatumika na kurudishwa katika hali ya kiwandani. Waliweza kuchimbua mabaki ya ujumbe, majina ya mawasiliano, hata funguo za akaunti za waliozimiliki awali. Walikadiria kwamba simu zipatazo milioni 500 duniani zilikuwa na udhaifu huo. Simu za siku hizi ni salama zaidi, kwa kuwa taarifa huhifadhiwa kwa mafumbo tangu mwanzo, na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hutupa ufunguo wa mafumbo hayo. Ile ya zamani iwashieni kwanza usimbaji (encryption), yaani huko kuweka taarifa kwa mafumbo, kwenye mipangilio ya usalama, mwachie muda umalize, ndipo mfute. Laini na kadi ya kumbukumbu zitolewe zote na arudishiwe mtoaji papo hapo, maana kadi hiyo ndogo mara nyingi ndiyo yenye picha zote. Simu isiyowaka haiwezi kufutwa kwa njia hii. Iwekwe kando, ifungiwe kwa ufunguo, na iende kwa mrejelezaji anayesaga na kutoa hati ya kuthibitisha kwamba amesaga. Msimpe fundi wa mtaani simu isiyofutwa, hata akiwa mwaminifu wenu wa miaka yote.

Upo upande mwingine wa taarifa ambao vikundi husahau. Kabla ya kufuta, muulizeni mtu swali hili kwa sauti: "Umeshahamisha picha na sauti zako?" Namkumbuka mama mmoja aliyerudi siku tatu baada ya kutoa simu yake. Ndani yake kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mama yake mzazi, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulikuwa tumeshafuta. Hakutulaumu, aliketi tu kwenye benchi akaishika ile simu. Tangu siku hiyo sijawahi kufuta simu ya mtu bila kuuliza, na pale anaposita namwambia arudi nayo nyumbani, aje wiki ijayo.

Betri zinahitaji heshima. Za lithiamu zikitobolewa, zikipondwa au zikigusana ncha kwa ncha zinaweza kushika moto, na moto wake huwaka tena hata mkidhani umezimika. Simu zizimwe kabla ya kuhifadhiwa. Betri zilizotoka nje ya simu zibandikwe utepe kwenye ncha. Iliyovimba msiichaji, msiibonyeze, msijaribu kuichomoa. Iwekeni kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, na mwiteni mrejelezaji. Betri iliyoharibika hairuhusiwi kupanda ndege. Na tafadhali, mzigo usikae chumbani kwa mwanakikundi anakolala na watoto wake, hata kwa usiku mmoja.

Kuhusu mnunuzi, mtakutana na wa aina tatu: duka linalonunua simu moja moja zilizo nzima, mkarabati anayechukua mzigo wa jumla, na mrejelezaji wa chakavu. Ushauri wangu ni kutumia wote watatu, kila rundo kwa mwenyewe. Anayewaambia atachukua kila kitu kwa bei moja ya kilo anataka kununua simu nzima kwa bei ya chuma. Mrejelezaji mwulizeni kama ana cheti cha R2 au e-Stewards, ambavyo ni viwango vinavyotambulika kimataifa vya kushughulikia taka hizi, au kibali cha mamlaka ya mazingira ya nchi yenu. Mwulizeni bodi anazipeleka wapi, na betri anazipeleka wapi. Mwenye kazi safi hujibu kwa urahisi. Msithubutu kusafirisha chakavu nje ya nchi wenyewe: chini ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka, tangu tarehe 1 Januari 2025, taka zote za kielektroniki, hata zisizohesabiwa kuwa za hatari, zinahitaji ridhaa ya nchi inayozipokea kabla hazijavuka mpaka.

Wapo pia mawakala watakaowaambia: tupeni jina la kikundi tu, masanduku tutaweka sisi, nanyi mtapata asilimia fulani. Mengine ya makubaliano hayo ni halali. Lakini mtoaji anaposoma jina lenu kwenye sanduku anaamini simu yake yote inakwenda kwa mtoto asiyesikia. Kama kwenu inafika sehemu ndogo tu, iandikeni kwenye sanduku hilohilo, kwa herufi zinazosomeka. Kama wakala hakubali iandikwe, mmeshapata jibu lenu kuhusu wakala huyo.

Daftari liwe moja, na likaguliwe na mtu asiyepokea simu wala pesa. Tarehe, jina, aina ya simu, IMEI, rundo iliyoingia, aliyeinunua, bei. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na simu ni mali inayoingia mfukoni kirahisi kuliko nyingi. Nimeona kikundi cha watu waliopendana kikivunjika kwa sababu ya simu moja tu ambayo hakuna aliyeweza kusema iliishia wapi.

Kuhusu kuwavuta watu, mfano ninaoupenda ni wa ndugu wawili wa Norwell, Massachusetts, Robbie na Brittany Bergquist. Mwaka 2004, wakiwa na umri wa miaka 12 na 13, walianzisha Cell Phones for Soldiers: walikusanya simu zilizotumika, wakaziuza kwa mrejelezaji, na mapato yakanunua kadi za kupigia simu ili askari walio mbali waongee na familia zao. Angalia jinsi kitu na lengo vilivyofungamana. Simu niliyoacha kuitumia inampa mwingine nafasi ya kuongea, na hakuna haja ya hotuba ndefu kulieleza hilo. Ninyi mna bahati ileile. Simu iliyonyamaza inamsaidia mtoto asikie. Liwekeni hilo kwenye bango, na chini yake bei ya kifaa kimoja cha usikivu na idadi ya watoto wanaosubiri, mkibadilisha idadi kila anapopata mmoja.

Ila msiahidi lisilokuwepo. Bustani kadhaa za wanyama, ile ya Melbourne ikiwa mojawapo, zimekusanya simu kwa ajili ya gorila, wale sokwe wakubwa wa Kongo, kwa kuwa koltani, mawe yanayotoa madini ya tantali yanayotumika katika simu, huchimbwa katika maeneo wanamoishi. Pesa inayopatikana husaidia kweli kuwalinda. Lakini wapo wanaoongeza kwamba simu ikirejelezwa koltani yake itatumika tena, na hapo wanapitiliza, kwa sababu tantali iliyomo ni kidogo, na katika matanuru ya shaba huishia kwenye mabaki yanayotupwa. Lengo jema halihitaji kutiwa chumvi.

Wapi pa kuanzia? Si mtaani. Andikeni barua kwa ofisi zinazowapa wafanyakazi wake simu. Ofisi hubadilisha simu kwa mkupuo, zikiwa bado nzima, na mara nyingi za zamani hukaa kabatini kwa kuwa hakuna mwenye jukumu la kuziondoa. Mwulizeni mhusika wa vifaa au wa kompyuta, mkiwa na karatasi moja inayoeleza mtakavyofuta taarifa na hati mtakayompa. Hofu yake ni taarifa za ofisi. Mkiitibu hofu hiyo mtapata simu arobaini kwa siku moja. Hata Japani, walipotengeneza takribani medali 5,000 za michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Tokyo kutokana na vifaa vilivyotumika, simu zipatazo milioni 6.21 zilizokusanywa kati ya Aprili 2017 na Machi 2019 zilipatikana kwa sababu palikuwa na pa kuzipeleka karibu na mtu: ofisi za manispaa na maduka ya simu.

Nimebakiza swali lako la mwisho, la kuwagawia wazazi. Wanaosema hivyo wana hoja. Mzazi wa mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuhitaji simu ya kuwasiliana na mtaalamu wa usikivu, kutazama video za lugha ya alama pamoja na mwanawe, na baadhi ya vifaa vya usikivu hurekebishwa kwa programu ya simu. Lakini si kila mzazi hana simu, na simu isiyohitajika itauzwa naye kwa bei ndogo kuliko mtakayoipata ninyi. Waulizeni mmoja mmoja, faraghani, kabla ya kuuza mzigo wa kwanza. Anayehitaji apewe iliyo nzima na chaja yake, ikiwa imekaguliwa na betri inayofaa, si ile mliyoshindwa kuiuza. Nayo iandikwe kwenye daftari kama zilivyoandikwa zilizouzwa: IMEI, tarehe, na saini ya aliyeipokea.